Kikasha cha Mapambo kwa Mabaki ya Mbao: Kupasua, Kuunga Pembe na Kukata Kifuniko

Kipande cha mninga chenye urefu wa sentimita 36, upana wa inchi 4 na unene wa inchi 1 kinatosha kutoa mbavu zote nne za kikasha cha milimita 200 kwa 120, chenye kimo cha milimita 80. Kwenye karakana za samani vipande vya ukubwa huo hutupwa kila siku, na vingi huishia kuwa kuni za mama lishe. Maelezo haya yanafuata kikasha kimoja hicho, kuanzia rundo la mabaki hadi kifuniko kikae sawasawa. Vipimo ni vya milimita isipokuwa pale tulipoandika vingine. Ukibadilisha kipimo kimoja, hesabu upya vyote vinavyokitegemea.

Anayefanya kazi na mabaki haanzi na mchoro halafu akatafuta mbao. Anaanza na kipande alichonacho, anatazama nyuzi zinakokwenda, anakata sehemu yenye ufa na tundu la msumari, ndipo anapoamua kikasha kitakuwa na ukubwa gani. Kipande chako kikitoa sentimita 30 tu za mbao safi, tengeneza kikasha cha 160 kwa 100. Usilazimishe kifundo kikae kwenye kona ili kufikia kipimo kilichoandikwa hapa.

Pa kupata mbao, na ya kuacha

Mabaki mazuri yako karibu na watengeneza samani wenyewe: Keko kwa Dar es Salaam, Gikomba kwa Nairobi, na karibu kila mji una mtaa wake wa maseremala. Mpingo mweusi wa kupambia kona hupatikana kwa wachonga vinyago, kama wale wa Mwenge, Dar es Salaam. Vipande vidogo ambavyo mchongaji havimfai ndivyo hasa unavyovihitaji.

Kwa mbavu, mninga ndiyo mbao tunayoipendekeza kwanza. Haivimbi wala kusinyaa sana, inarandika vizuri, na rangi yake haihitaji msaada. Mtiki na mkangazi zinafuata. Mkongo ni imara na mzuri, ila ni mgumu kwa msumeno wa mkono. Mvule unafaa, lakini wakati mwingine ndani yake kuna mawe madogo ya chokaa yanayovunja makali ya randa. Ukisikia blidi inakwaruza mahali ambapo huoni kifundo, simama ulitafute jiwe kabla hujaharibu chuma. Mwembe na mfenesi hazithaminiwi kwenye samani kubwa, lakini kwa vikasha ni hazina: mfenesi una manjano yanayong'aa karibu na mninga, na mwembe uliokaa nje kidogo huwa na michirizi ya kijivu na meusi isiyopatikana dukani.

Vumbi la mbao hizi si la kuchezea. La mninga huwasha pua na kifua, na kwa baadhi ya watu huleta pumu. La mvule na mpingo huwasha pia ngozi. Vaa barakoa ya vumbi unaposugua msasa, na sugulia nje upepo unakopita.

Mbao za paleti zinafaa kwa vikasha vyepesi na kwa utando, yaani vibao vyembamba vinavyosimama ndani ya kikasha. Soma kwanza alama iliyochomwa ubavuni mwa paleti. HT maana yake mbao ilipashwa joto hadi kiini kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, hiyo chukua. MB maana yake ilifukizwa kwa sumu ya methili bromaidi, hiyo acha. Paleti yenye madoa ya mafuta au kemikali iache pia hata kama alama yake ni nzuri. Usihangaike kung'oa misumari yake, kwa kuwa imesokotwa na mbao itapasuka. Pitisha blidi ya msumeno wa chuma kati ya ubao na gogo lake, ukate misumari, kisha ondoa vichwa kwa kuvigonga kutoka nyuma.

Kuna mbao ambazo hazifai hata zikiwa za bure. Nguzo za umeme na simu na mbao zenye ukijani wa dawa zina sumu inayotoka na vumbi. Milango na madirisha ya zamani yenye rangi nyingi yanaweza kuwa na rangi ya risasi. Usiipige msasa mkavu. Kipande chenye vitundu vidogo kigonge juu ya karatasi nyeupe: kikimwaga unga laini, bungua bado wamo na watahamia kwenye samani nyingine nyumbani. Wadudu hawa hupenda sehemu nyeupe ya nje ya mti, kwa hiyo kwenye mninga ikate yote hata kama haina tundu.

Mbao za jahazi kuukuu, zinazouzwa Lamu na Unguja kwa ajili ya fremu na mapambo, zina mvuto wake, ila zinadai kazi mbili za ziada. Chumvi iliyomo huvuta unyevu na kulisha kutu, hivyo loweka vipande kwenye maji baridi, badilisha maji kila siku kwa wiki moja, kisha kausha kivulini polepole. Pili, jahazi hupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, na gundi haishiki juu ya mafuta hayo. Randa mpaka harufu ya samaki itoweke na uso wa mbao uwe mkavu. Bawaba na skrubu ziwe za shaba tu. Na kipande chenye nakshi ya mkono, iwe ya jahazi au ya mlango, kisikatwe vipande. Mpe fundi wa kukarabati, au kitundike kilivyo.

Kabla mbao yoyote ya zamani haijagusa msumeno, pitisha sumaku juu yake pande zote. Kichwa kimoja cha msumari kilichojificha kinamaliza meno ya msumeno kwa sekunde. Weusi unaozunguka tundu la msumari kwenye mtiki, mkongo au mninga ni chuma kilichochanganyika na utomvu wa mbao. Msasa hauutoi, maana umeingia ndani. Ama ukate, ama uupange uonekane mahali unapopendeza.

Ukavu

Weka vipande ndani ya chumba, viachanishwe kwa vijiti ili hewa ipite, na paka gundi au nta kwenye ncha ili visipasuke. Pima uzito wa kila kipande kwa mizani ya jikoni na uuandike juu yake kwa penseli. Rudia kila baada ya siku nne. Uzito ukibaki uleule mara tatu mfululizo, kipande kimelingana na hewa ya hapo ulipo.

Hapo ulipo ndipo penye shauri. Hewa ya Tanga, Mombasa na Unguja ina unyevu mwingi kuliko ya Dodoma au Nairobi. Kikasha kilichounganishwa pwani wakati wa masika kikipelekwa Dodoma kiangazi kitasinyaa, na paneli yenye upana wa 107 inaweza kupungua karibu milimita nzima. Ndiyo maana paneli ya kifuniko hapa chini haigundishwi kwenye fremu yake.

Zana

Msumeno wa meno madogo, randa ya mkono, patasi za 6 na 12, skwea, rula ya chuma, kisu chenye ncha, keekee na biti ya 1, jiliwa, kinoo, na msasa wa namba 120, 180 na 240. Gundi nyeupe ya mbao, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, na vipande viwili vya tyubu ya baiskeli vilivyochanwa kuwa mikanda mirefu. Mikanda hiyo inashika kikasha vizuri kuliko klampu nyingi, kwa kuwa inavuta pembe zote nne kwa nguvu sawa. Kupasua na kuranda unaweza kulipia karakana yenye mashine. Kazi iliyobaki inafanyika mezani.

Kupasua kipande kama kitabu

Randa uso mmoja na ukingo mmoja wa kipande vikae sawa, kisha kipasue katikati ya unene, upate mbao mbili za karibu milimita 11. Kwa msumeno wa mkanda ni dakika mbili. Kwa mkono, chora mstari kuzunguka kingo zote, funga kipande kwenye jiliwa kimeinama, kata kutoka kona moja, geuza, kata kutoka kona ya pili, ili msumeno ufuate mistari miwili kwa wakati mmoja.

Usirande papo hapo. Mbao iliyopasuliwa huachia mvutano uliokuwa umejifungia ndani, na vipande vyembamba hupinda. Viache siku tatu au nne vimesimama, kisha ndipo uvirande hadi 10. Kama mbao yako ya inchi 1 ilikuwa kwa kweli 22, kama zilivyo nyingi, ridhika na mbavu za 8 na ubadilishe hesabu. Kwenye mashine ya kuranda usiingize kipande kifupi kuliko sentimita 30. Hukosa kushikwa na rola zote mbili, huinuka na kurushwa. Kwa sababu hiyo tunaranda kabla ya kukata mbavu.

Sasa fungua vipande viwili kama kurasa za kitabu, ila bawaba ya kitabu iwe kwenye ncha na si kwenye ukingo. Vitakaa kwenye mstari mmoja, ncha kwa ncha, nyuso zilizopasuliwa zikiwa juu. Hizo ndizo nyuso za nje za kikasha. Ukitoka kushoto kwenda kulia, andika: fupi, ndefu, fupi, ndefu. Ukikata hivyo, nyuzi zitapita kwenye pembe zote nne bila kukatika, na hata mahali duara linapofungia rangi italingana. Hakuna urembo wa bei rahisi kuliko huu, na anayepasua bila kupanga anaupoteza kabisa. Weka namba 1 hadi 4 na mshale wa juu kwa penseli kwenye nyuso za ndani.

Mfuo kabla ya pembe

Kila ubavu unahitaji mifuo miwili, yaani mifereji myembamba, upande wa ndani: mmoja wa kushika sakafu, mwingine wa kushika paneli ya juu. Punguza upana wa ubao uwe 80, kisha ichimbe ukiwa bado mrefu. Kila mfuo uanze 5 kutoka ukingoni, upana 4, kina 4. Kwenye msumeno wa meza pitisha mara mbili, na kwa mkono kata mistari miwili kwa kisu ukifuata rula, kisha ondoa katikati kwa patasi nyembamba kidogo kidogo.

Kabla ya kuchimba, pima plaiwudi ya sakafu kwa kalipa. Inayouzwa kama ya 4 mara nyingi ni 3.5 au pungufu, na sakafu inayochezacheza hulia kila unapoinua kikasha. Upana wa mfuo wa chini ufuate plaiwudi uliyonayo mkononi.

Pembe za digrii 45

Hapa ndipo vikasha vingi vinapoharibikia. Watu huhangaika na digrii, lakini kosa la kawaida zaidi ni urefu. Mbavu mbili zinazotazamana zikitofautiana nusu milimita, pembe zote nne zitafunguka hata kama kila moja imekatwa digrii 45 kamili. Kata mbili ndefu, zibane mgongo kwa mgongo, papasa ncha kwa ukucha, na urande mpaka ukucha usikwame. Fanya hivyo hivyo kwa fupi. Urefu wa nje ni 200 na 120.

Kwa mkono, omba karakana ikukatie gogo la mbao ngumu lenye upana wa 100, ncha yake ikiwa na mteremko wa digrii 45. Kata ubavu kwa msumeno ukiacha nusu milimita nje ya mstari, ubane na gogo hilo kwenye jiliwa, kisha teremsha randa kali mpaka ncha ya ubavu ilingane na mteremko wa gogo. Randa ukitoka ukingo mmoja hadi katikati, halafu kutoka ukingo wa pili. Ukipita moja kwa moja, nyuzi za ukingo wa mwisho zitabanduka. Randa butu haifai kwa kazi hii. Inoe kabla ya kila kikasha.

Kama lazima ukosee, kosea kwa ndani. Ongeza nusu digrii ili ncha za nje zigusane kwanza. Mwanya wa ndani utafunikwa na utando, ila wa nje kila mtu atauona.

Panga mbavu nne zikiwa kavu, zizungushe tepu, na upime kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Vipimo viwili vikilingana, kikasha kina pembe mraba.

Sakafu na paneli ya juu

Nafasi ya ndani ni 180 kwa 100, na kila mfuo unaongeza 4 kila upande. Kwa hiyo sakafu ya plaiwudi ni 187 kwa 107, yaani milimita 1 pungufu ya nafasi yote.

Paneli ya juu ina ukubwa huohuo, unene wa 9, na ndipo mahali pa kuonyesha mabaki yako madogo kuliko yote. Gundisha vipande vya rangi tofauti ubavu kwa ubavu: mninga, uzi mwembamba wa mpingo, mfenesi, tena mninga. Nyuzi zote ziende upande mmoja, kwenye urefu wa kikasha. Ukiweka kipande kimoja kimekatiza nyuzi, kitapasuka au kitapasua jirani yake msimu wa kwanza wa kiangazi.

Paneli ikishakauka na kurandwa, chonga ngazi kuzunguka uso wa juu: upana wa 4, kina cha 5. Kinachobaki ukingoni ni ulimi wa unene wa 4 unaoingia kwenye mfuo, na katikati panabaki uso wa 179 kwa 99 ulio sawa na ukingo wa juu wa kikasha. Mwanya wa nusu milimita kila upande utaonekana kama mstari mwembamba wa kivuli, na ndio unaoruhusu paneli kupumua. Piga msasa na upake nta paneli yote, hata ulimi, kabla ya kuunganisha. Ikija kusinyaa, hakutatokea mstari wa mbao isiyopakwa kitu, na gundi itakayochuruzika haitaishika.

Gundi

Laza mbavu nne mezani kwa mpangilio wake, ncha zikigusana, nyuso za nje zikiwa juu. Bandika tepu ya karatasi juu ya kila kiungo ukiivuta kidogo. Geuza mstari wote. Sasa pembe zimefunguka juu kama mabonde, na ukikunja, kikasha kinajifunga chenyewe.

Ncha za nyuzi hunywa gundi na kuacha kiungo kikavu. Paka safu nyembamba kwanza, subiri dakika tano, kisha paka ya pili. Kwenye joto la pwani una dakika tano hivi kabla gundi haijaanza kushika, kwa hiyo sakafu na paneli viwe tayari mkononi. Weka sakafu na paneli kwenye mifuo ya ubavu mmoja, kunja nyingine kuzunguka, funga kwa tepu ya mwisho, halafu zungusha mikanda ya tyubu, mmoja juu na mmoja chini. Sakafu ya plaiwudi unaweza kuigundisha, lakini paneli ya juu haiguswi na gundi, labda tone moja katikati ya kila ubavu mfupi ili isitembee.

Pima mishazari tena. Ikitofautiana, bana taratibu kona mbili za mshazari mrefu mpaka vilingane. Iache saa 24 kabla ya kuipiga msasa.

Mtiki, mkongo na mpingo zina mafuta yanayokataa gundi. Futa nyuso za kiungo kwa kitambaa chenye thina au asetoni, na gundisha ndani ya dakika kumi na tano, kabla mafuta hayajapanda tena.

Pembe ikibaki na mwanya mwembamba kama unywele, isugue kwa shina la bisibisi la mviringo kutoka pande zote mbili wakati gundi bado mbichi. Nyuzi zitajikunja na kukutana. Mwanya mkubwa zaidi uzibe kwa epoksi iliyochanganywa na vumbi la mbao hiyohiyo. Gundi nyeupe na vumbi huacha doa linalokataa mafuta.

Vijilimi vya mpingo

Pembe ya digrii 45 ina gundi tu ya kuishikilia. Vijilimi vinavyokatiza kona huiimarisha, na weusi wa mpingo juu ya mninga ndio pambo lenyewe. Unga mbao mbili ziwe hori la umbo la V, kaza kikasha humo kona ikitazama juu, na kata njia za msumeno zenye kina cha 8. Kutoka nje ya kona hadi ndani kuna 14, hivyo usizidishe 9. Ukipima kutoka juu, kata kwenye 14, 40 na 62. Kijilimi cha kwanza kitakuwa cha kifuniko na viwili vya mwili, na hakuna kinachokutana na mstari wa kukatia kifuniko wala mfuo.

Randa mpingo hadi uingie kwa kusukumwa na kidole, bila nyundo. Nyuzi zake lazima zikatize kona. Zikienda sambamba na kona, kijilimi kitavunjika palepale kiungo kinapoachia, na hakitakuwa kimesaidia chochote. Gundi ikikauka, kata ziada na urande kutoka kwenye kona kuelekea katikati ya ubavu. Ukirandia nje utachomoa ncha zake.

Kukata kifuniko

Mpaka sasa kikasha kimefungwa pande zote sita, na hiyo ndiyo sababu kifuniko kitalingana na mwili kikamilifu. Laza kisu au penseli kali juu ya kipande cha mbao ili ncha iwe 55 kutoka mezani, na zungusha kikasha kikigusa ncha hiyo. Umepata mstari mmoja kuzunguka.

Kata kwa msumeno mwembamba kuanzia kwenye kona, ukiingia kidogo tu, kisha geuza ubavu unaofuata. Zunguka hivyo mara kadhaa, kila njia ikiongoza inayofuata. Ukikata ubavu mmoja hadi ndani kabla ya mingine, msumeno utatoka mahali usipopataka. Kwenye msumeno wa meza kata mbavu ndefu kabisa, lakini kwenye fupi acha nusu milimita na uimalizie kwa kisu, la sivyo kifuniko kitabana blidi na kurushwa.

Gundisha msasa wa 120 juu ya kioo au plaiwudi iliyonyooka, na usugue kingo zote mbili kwa mzunguko mpaka mistari ya penseli uliyochora juu yake itoweke kwa pamoja.

Utando au bawaba

Kwa kikasha cha kwanza tunashauri utando. Ni vibao vya 3, vya mfenesi au msonobari wa paleti, vinavyosimama ndani ya mwili na kuchomoza 5 juu ya ukingo, navyo ndivyo vinavyoshika kifuniko. Mwili una kina cha 45 hivi kutoka sakafuni, kwa hiyo vibao viwe na kimo cha 50. Kata vile virefu viwili kwanza, viingie kwa kubana, kisha vifupi vije kuvisukuma mahali pake. Havihitaji gundi. Vunja kidogo kona ya juu ya nje kwa msasa ili kifuniko kijiongoze.

Bawaba ndogo za shaba za 25 zinafaa mradi jani lake halizidi unene wa ubavu. Pima kabla ya kununua. Ziweke 30 kutoka kila ncha, ukichimba kitanda chenye kina sawasawa na unene wa jani. Kitanda kikizidi kina, kifuniko kitafika nyuma kabla ya mbele na kubaki kimeachama. Tiba ni kuweka karatasi ngumu chini ya jani, hakuna haja ya kulazimisha. Toboa kwa biti ya 1, ingiza kwanza skrubu ya chuma iliyosuguliwa sabuni, itoe, ndipo uweke ya shaba. Skrubu ya shaba ikiingizwa moja kwa moja kwenye mninga au mkongo hukatika shingo.

Msasa na nta

Msasa wa 120, 180, kisha 240, daima kufuata nyuzi. Vumbi jeusi la mpingo huchafua mfenesi ulio karibu, kwa hiyo lipulize badala ya kulifuta kwa kitambaa kibichi.

Kwa nje, mafuta ya kitani yaliyochemshwa: paka, subiri dakika 20, futa yote yaliyobaki juu, rudia kesho yake. Kitambaa kilichotumika kitandaze nje kikauke au kitumbukize majini. Kikikunjwa na kuachwa pembeni kinaweza kujiwasha moto chenyewe. Ndani usipake mafuta hayo, kwa kuwa harufu yake haitoki kwenye kikasha kinachofungwa. Ndani tumia nta ya nyuki: sehemu moja ya nta iyeyushwe katika chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, ondoa kwenye moto kabisa, ndipo uongeze sehemu tatu za tapentaini. Ipake nyembamba, iache usiku mmoja kifuniko kikiwa wazi, ng'arisha kwa kitambaa kikavu.

Masika ikifika na kifuniko kikaanza kukwama, usiguse kifuniko wala ukingo wa mwili, maana mstari wa nyuzi utapotea. Chomoa vibao vya utando, pitisha randa mara moja au mbili kwenye uso wa nje wa sehemu inayochomoza, paka nta, virudishe.